Baraza la Mbele ya Nyumba: Tulivyolijenga kwa Mikono Yetu

Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba, mahindi na alizeti vikishapata wanunuzi, swali linaloletwa kwangu mara nyingi si la mbegu wala la samadi. Ni hili: "Bwana shamba, hela hii nianze nayo wapi?" Mwingine anataka pikipiki, mwingine anataka kubadili bati, mwingine anataka kuongeza mbuzi. Sina jibu moja linalowafaa wote. Lakini leo nataka nikueleze kazi moja ambayo watu wengi huiona ni ya kujionyesha, nayo ni kujenga baraza lenye paa mbele ya nyumba. Nimelijenga nyumbani kwa mama yangu mzazi, hapa hapa wilayani Kongwa, nikisaidiwa na mdogo wangu na wapwa zangu wawili. Nitakupa vipimo vyote, uvipunguze au uviongeze kulingana na nyumba yako.

Kwa nini baraza

Baba yetu alipofariki, sisi watoto tulikubaliana mama ahame aje kukaa nami. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nikihama hapa nitakuwa mgeni mpaka siku ya kufa." Hatukumsumbua tena.

Mama anauza vitu vidogo vidogo mlangoni: chumvi, sabuni ya mche, kiberiti, mafuta ya kula ya kupima. Macho yake yamepungua nguvu. Ndani ya nyumba, hata mchana, haioni vizuri noti ya elfu mbili na ya elfu kumi, kwa hiyo biashara yake lazima aifanyie nje kwenye mwanga. Kiangazi anakaa kwenye kivuli cha ukuta na kusogea kadiri jua linavyosogea. Masika anarudi ndani, na akirudi ndani chenji zinapotea. Kwa hiyo pale kwetu baraza halikuwa pambo. Lilikuwa ndilo jibu la swali kama mama ataweza kuendelea kukaa kwake na kula jasho lake, au tutambeba bila ridhaa yake.

Kwako wewe sababu inaweza kuwa nyingine. Labda ni pa kuingizia turubai la mahindi mvua ikitishia. Labda ni pa kupimia mzigo mnunuzi akija. Labda ni pa kukaa na wageni tu, na hiyo nayo ni sababu. Watu wa pwani wanajua hili tangu zamani. Nyumba zao za mawe za Unguja na Lamu zina viti vya kujengwa nje ya mlango, na neno hilo hilo baraza ndilo tunaloliita kikao cha wazee na hata Baraza la Mawaziri. Panapokaliwa ndipo panapoamuliwa mambo.

Mbolea kwanza

Nilipomweleza mke wangu mpango huu aliniuliza swali moja: "Na mbolea?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nimeona nyumba zenye bati linalong'aa na shamba la njano mwezi wa pili kwa sababu hela ya kukuzia iliishia dukani kwa vifaa vya ujenzi. Tukakubaliana hivi: mbegu na mbolea ya msimu unaokuja vinunuliwe kwanza, viingizwe ndani, mlango ufungwe. Kinachobaki ndicho kijenge.

Kilichobaki hakikutosha kumaliza kazi yote. Ndipo tukaigawa miaka miwili. Mwaka wa kwanza nguzo na paa, chini tukashindilia udongo. Mwaka wa pili zege, sakafu na kiti cha kujengwa. Nakushauri ufuate mpangilio huo huo ukiwa na hela ndogo. Paa linaanza kukufaa siku ile ile linapoezekwa. Sakafu isiyo na paa inakuchomea miguu mchana, inateleza mvua ikinyesha.

Kwa huku kwetu, wakati mzuri ni kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Mavuno yametoka, mvua haijaanza, na vijana wana nafasi.

Kupima

Baraza la mama lina urefu wa mita 6 kwenda na ukuta, na upana wa mita 2.4 kutoka ukutani. Upana huo haukuchaguliwa kwa bahati. Bati la futi 10 lina urefu wa kama mita 3. Ukiliweka kwenye mteremko, linafunika mita 2.4 za baraza na kubakiza kama nusu mita ya kutokeza nje ya nguzo ili mvua isiingie. Hakuna kipande kinachokatwa wala kutupwa. Kabla hujachora baraza lako, ulizia kwanza urefu wa bati linalouzwa dukani kwenu, kisha panga upana ulifuate bati.

Pigilia vigingi vinne na uvute kamba. Ili kona iwe sawa, pima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili. Kamba inayounganisha alama hizo mbili lazima iwe futi 5 kamili. Halafu pima mshazari wote miwili. Kwa baraza la mita 6 kwa 2.4, kila mshazari unapaswa kuwa mita 6 na sentimita 46. Ikitofautiana, sogeza vigingi. Kusogeza kigingi ni bure.

Usawa wa juu na chini tuliupima kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoona ndani. Maji yakitulia, ncha mbili ziko sawa. Kwa mita 6 unakuamini zaidi kuliko pima maji fupi.

Nguzo zako zitasimama juu ya nini

Hapa ndipo mabaraza mengi yanapofia. Nguzo ya mti ikichimbiwa moja kwa moja ardhini, mchwa wataila kutoka chini na wewe utaona rangi nzuri tu juu. Siku ya upepo ndiyo utajua.

Tulichimba mashimo ya sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 50, tukajaza zege la ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto. Kabla halijakauka tukazamisha vipande viwili vya nondo katika kila shimo, vikitokeza juu. Kisha tukainua kigingi cha zege hadi sentimita 15 juu ya usawa ambao sakafu ingefika. Nguzo ikakaa juu ya zege hilo, ikafungwa na nondo zile ubavuni kwa bolti. Mchwa akitaka kupanda lazima apite juu ya zege peupe, na utamwona kwa ile njia yake ya udongo. Unaifuta na kuchunguza alikotoka.

Nguzo zetu ni za mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani. Wengi hupaka oili chafu ya gari. Mimi sikuipenda kwa baraza hili kwa sababu magunia ya chakula yangeegemea kwenye nguzo, na watoto huzishika kutwa.

Sasa angalia ukuta wako. Vitabu vingi vinaonyesha paa la baraza limeshikizwa kwenye ukuta wa nyumba. Ukuta wa tofali za saruji unaweza kubeba. Lakini nyumba ya mama ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na nyumba nyingi za vijijini ni hivyo, au ni tofali mbichi kabisa. Ukiushikizia mbao yenye uzito wa paa, upepo ukitikisa, tofali zitaanza kutoka moja moja. Ndiyo maana tulisimamisha nguzo nane: nne mbele na nne nyuma karibu na ukuta, kila moja mita 2 kutoka kwa mwenzake. Baraza linasimama lenyewe. Limegusana na nyumba lakini haliiegemei. Iliongeza gharama ya nguzo nne, na kwa ukuta kama ule nisingefanya vinginevyo.

Paa

Juu ya nguzo za nyuma tulilaza mbao ya mbili kwa sita, na nyingine kama hiyo juu ya nguzo za mbele. Ya nyuma ilikuwa juu zaidi kwa sentimita 42. Hiyo ndiyo tofauti inayokupa mteremko wa kutosha kwa upana wa mita 2.4, maji hayasimami na hayarudi nyuma kwenye maungio ya bati. Kama baraza lako lina upana wa mita 2, usishuke chini ya sentimita 35.

Kati ya mbao hizo mbili tuliweka mbao za mbili kwa nne, saba kwa jumla, mita moja moja, na juu yake papi za mbili kwa mbili. Sehemu ya juu ya bati inaingia chini ya paa la nyumba, ili maji ya paa kubwa yadondokee juu ya bati la baraza, si katikati ya ukuta na baraza. Hakikisha umepima urefu wa kupita mtu. Upande wa nguzo za mbele, kutoka sakafuni hadi kwenye mbao, tulibakiza zaidi ya mita 2.

Zingatia upepo. Baraza liko wazi pande tatu, kwa hiyo upepo unaingia chini na kulisukuma paa kwenda juu, kama mtu anayefungua mwavuli. Uzito wa paa hautakusaidia. Kinachosaidia ni kufunga kila kitu na cha chini yake: papi na mbao, mbao na mhimili, mhimili na nguzo, nguzo na zege. Tulitumia waya mnene uliozungushwa na kukazwa, pamoja na misumari. Msumari peke yake hung'oka.

Bati tulilipiga kuanzia upande ambao upepo unaelekea, tukirudi kule unakotoka, ili mdomo wa kila bati uupe upepo mgongo. Bati moja lipande juu ya jingine kwa migongo miwili. Msumari wa bati upigwe juu ya mgongo, usipigwe bondeni yanakopita maji, na uache nyundo pale kofia inapogusa vizuri. Ukiendelea kugonga unalibonyeza bati na kutengeneza kisima kidogo.

Siku ya kupaua tulimwita fundi. Kazi ya kujifanyia mwenyewe haimaanishi lazima ufanye kila kitu. Kuchimba, kuchanganya zege, kupaka, kubeba, hayo tunayaweza. Kupanda juu na kunyoosha mstari wa bati kunataka aliyezoea.

Maji ya paa

Weka gata ukutani mwa mawazo yako tangu mwanzo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la baraza la mama lina kama mita za mraba 19. Mvua ya milimita 20, ambayo huku kwetu ni mvua ya kawaida ya jioni moja, inalipa lita 380. Ukitoa yanayopotea, unabaki na kama 300, yaani pipa moja na nusu, na hapo sijahesabu yanayodondoka kutoka paa kubwa. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Sakafu

Mwaka wa pili tulijengea mawe pembezoni kufikia sentimita 30 kutoka ardhini, tukajaza kifusi ndani na kukishindilia kwa tabaka, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo. Juu yake tukatandika nailoni nene. Usiiache nailoni hii. Bila hiyo, unyevu wa ardhini hupanda ndani ya zege polepole, na gunia lililokaa juu yake hupata ukungu kwa chini wakati juu linaonekana safi.

Kisha tukamwaga jamvi la sentimita 7 na nusu kwa ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga, 6 za kokoto. Maji yawe ya kutosha kulainisha tu. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kusambaza, lakini likikauka linakuwa na nguvu kidogo. Sakafu ya juu ilikuwa sentimita 3, ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga uliochekechwa, na tuliiinamisha sentimita 4 kutoka ukutani kwenda nje ili maji yatoke yenyewe.

Halafu funika kwa magunia na umwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Saruji haikauki kama tope, inajishika kwa maji. Mpwa wangu mkubwa ndiye aliyepewa kazi ya kumwagia, na mama ndiye aliyekuwa msimamizi. Hakukosa hata siku moja.

Fundi alitaka kupiga niru ing'ae. Mama alikataa kabla sijafungua mdomo: "Mnataka nianguke?" Basi tukapitisha ufagio laini juu ya sakafu ikiwa bado mbichi, ikabaki na mikwaruzo midogo. Inashika mguu hata ikilowa. Kama kuna mzee au mjamzito nyumbani kwako, fanya hivyo hivyo.

Kwa jumla, kazi yote ilitumia mifuko 17 ya saruji ya kilo 50: minne kwenye mashimo ya nguzo, na mingine kwenye mawe, jamvi, sakafu na kiti. Bei sikutajii kwa sababu hubadilika. Chukua idadi hii uende nayo dukani.

Kumalizia

Kiti cha kujengwa tulikiweka urefu wa sentimita 45. Kifupi zaidi ya hapo kinamsumbua mwenye magoti mabovu kuinuka. Ngazi ni mbili, kila moja sentimita 15, pana kiasi cha kukanyaga mguu mzima, na pembeni kuna bomba la chuma la kushika. Ukingo wa sakafu na wa kila ngazi tulipaka mstari mweupe. Ni kopo dogo la rangi, lakini mtu asiyeona vizuri anajua baraza linaishia wapi.

Baraza na mazao yako

Hapa nazungumza kama bwana shamba. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha hapa Dodoma na jirani zetu Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Baraza halikaushi mahindi badala ya jua. Kazi yake ni kuyalinda kati ya jua la leo na jua la kesho: yaanike nje juu ya turubai, na wingu likija, watu wawili wanalivuta turubai chini ya paa kwa dakika moja.

Kabla ya kuweka ghalani, pima. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka theluthi moja na vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha uache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Chumvi isipoganda, hapo umekaribia. Kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka asilimia 13 au chini yake. Na gunia lisikae sakafuni hata kama sakafu ni mpya. Liweke juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta.

Kwa wafanyabiashara: mhimili wa mbele wa baraza ni mahali pazuri pa kuning'iniza mizani. Ukikusudia hivyo, ning'iniza karibu na nguzo, si katikati ya mhimili, na mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mkulima ambaye magunia yake yako nje na wingu limetanda hana nguvu ya kubishana. Atakubali lumbesa na bei yoyote. Ambaye mzigo wake umekauka, uko chini ya paa, na mizani inaning'inia mbele ya macho ya wote wawili, anaweza kusema, "Kama bei ni hiyo, nitasubiri soko la Kibaigwa." Nimeona hilo likitokea kwenye baraza la mama, na aliyelisema hakuwa mimi, alikuwa jirani aliyeomba kuweka magunia yake sita kwa siku mbili. Siku hizi kila msimu majirani huomba hivyo, na kila anayekuja hununua chumvi.

Kila mwaka kabla ya mvua

Fanya haya mwezi wa kumi: kaza waya za paa, tazama misumari ya bati iliyolegea, futa njia za mchwa kwenye zege la nguzo, safisha gata, paka upya mstari mweupe. Ni kazi ya asubuhi moja.

Na kama ukuta wako ni wa tofali mbichi, au huna hakika utabeba nini, nipitie ofisini kabla hujanunua mbao. Nitakuja na kamba na mpira wa maji, tupime pamoja. Ila nitakuuliza kwanza kama mbolea umeshanunua.